Cheupe cha Mwali

Mjukuu wangu ana kichupa cha vidonge vya mafuta, vidogo vya mviringo, rangi yake kama asali. Amevinunua kwenye duka la vipodozi hapa Picha ya Ndege, Kibaha. Jioni moja nilimkuta kwenye mkeka, kioo amekiegemeza kwenye ndoo, anatoboa kidonge kwa pini, anakiminya kiganjani, anajipaka usoni na kinachobaki anamalizia kwenye nywele. Nilimkemea mpaka jirani akachungulia. Meza hicho, nikamwambia, kimeze sasa hivi nikuone. Akacheka, masikini, akanisomea maandishi ya kwenye kichupa: vitamini, kwa ngozi nyororo na nywele zenye afya.

"Bibi, hii ni ya kupaka," akasema. "Haimezwi."

Haya, ya kupaka. Mimi sina ugomvi na vitamini. Ngozi ya mtoto huyu kweli inateleza, na nywele zake hazikatiki ovyo kama mwaka jana alipokuwa anazichoma kwa madawa. Tena anakula mayai, anakula mchicha, maembe yakianza anakula mpaka mkono unanata, kwa hiyo ajipake mpaka achoke. Ila hajui kwa nini bibi yake ana jicho moja. Alizaliwa akanikuta hivi, na mtoto haulizi kwa nini bibi ana pua. Hasira iliponishuka nikaona aibu kumpigia kelele kwa jambo ambalo sijawahi kumwambia, na niliyomwambia siku ile ndiyo haya.

Harufu ya vitamini niliijulia gizani, nikiwa mwali. Ilikuwa huko Kisarawe, ndani kupita Maneromango, katika kijiji cha ujamaa ambacho nyumba zake zilipangwa kwa mistari kama madawati. Tulihamishiwa pale kutoka mashambani kwetu, kila mtu na paa lake kichwani, na watu wazima walikuwa bado wanalalamika kwamba ukikohoa kwako jirani anakupa pole. Ila bibi yangu, mama mzazi wa baba, hakulalamika. Alichojali ni kwamba nyumba mpya iwe na chumba kimoja kisicho na dirisha. Baba alimjengea. Chumba hicho kilikuwa kinanisubiri mimi.

Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Ndani maana yake ndani: hapigwi jua, haonwi na mwanamume, hashiki jembe wala kinu, nywele zake hazikatwi. Anafundwa, anapakwa, anatunzwa, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma, watu wajae uani waone nyumba ile imelea nini. Siku hiyo wanawake hawatazami nguo. Wanatazama ngozi na nywele. Zamani msichana alikaa humo hata miaka, lakini shule ilikuwa imewakata mikono akina bibi; walimu walikuwa wakali, mwenyekiti wa kijiji naye mkali. Bibi akavumilia. Nilipomaliza darasa la saba akasema serikali imemaliza zamu yake, sasa yeye aanze yake.

Niliingia wakati wa kuokota korosho. Nilikabidhiwa mkeka, kata ya maji, na mwana wa mti. Huyo ni kisanamu kidogo cha kike, kichwa na kiwiliwili bila mikono, chenye nywele za kweli juu ya kichwa. Mwali humlea kama mtoto. Unamwogesha, unamsuka, unampaka mafuta, na jinsi unavyomtunza ndivyo utakavyojaliwa wako. Wa kwetu alikuwa amelelewa na bibi mwenyewe, kisha na shangazi yangu, kisha akaja kwangu ameng'aa kama kiti cha mzee. Usicheke. Ukikaa gizani na kiumbe kimoja tu cha kushika, utakipenda. Mimi nilimpenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote mwaka ule.

Na mwaka ule mvua ilituhini. Mahindi yalinyauka yakiwa usawa wa goti. Ukaja unga wa njano kutoka ng'ambo, ukagawiwa kwenye duka la kijiji, watu wakaupa jina la timu ya mpira yenye jezi ya njano, wakacheka, halafu wakaununia. Walisema huo ni wa kulishia mifugo. Walisema una harufu ya gunia. Lakini njaa haina mwiko, waliula, wakaula na kisamvu, wakaula na mchicha pori, na watoto wakajazia na maembe yaliyookotwa chini.

Bibi yangu akasema mjukuu wake hali chakula cha ng'ombe.

Alikuwa na makopa ya muhogo ya mwaka uliotangulia, ameyaficha darini, meupe pepepe. Akayatwanga mwenyewe. Nikawa naletewa ugali wa muhogo mweupe kwa maji ya nazi yenye chumvi, na siku akipata mchele, uji wa mchele. Mboga za majani akazipiga marufuku, eti zinamtia mtu weusi. Papai akalikataa kwa sababu ni jekundu. Embe hivyo hivyo. Alikuwa na sheria yake kwamba mwali hulishwa cheupe ili atoke mweupe, na sijui aliitoa wapi, maana nyumba nyingine za pale pale mwali alikula walichokula wenzake. Ilikuwa ya kwake peke yake. Mama hakuipenda, lakini mama alikuwa mke wa mwana, na mambo ya mwali yalikuwa ya bibi. Baba ndiyo kabisa, hakuwa na kauli humo. Yeye alikuwa anasimama nje ya ukuta jioni akitoka shamba la kijiji, ananisalimu kupitia kwenye udongo, namjibu shikamoo, ananiitikia, anakwenda zake.

Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wakisikia kisa changu humgeuza bibi kuwa mchawi. Bibi alikuwa anakula ule unga wa njano. Anafumba macho, anaumeza kwa shingo upande, ili makopa yasiishe, ili mimi nile cheupe. Nilikuwa nasikia wanavyomtania huko uani, na yeye akijibu kwamba mke mwenzake ndiye wa kula vizuri, yeye keshazeeka. Mke mwenzake ni mimi. Ndivyo alivyokuwa ananiita, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

Miezi ikaenda. Weupe nikaupata, wa kukosa jua. Lakini ngozi yenyewe ikaanza kugoma. Mapajani na nyuma ya mikono ikatoka vipele vikavu, vigumu, ukipitisha kiganja unahisi ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nywele zilizokuwa zimeanza kujaa zikawa zinakatika kwenye kitana, kavu kama makumbi ya nazi. Bibi akashtuka. Alinisugua kwa liwa, akanipaka mafuta ya mbarika asubuhi na jioni, akanifunga kichwa kwa kitambaa kilicholoweshwa nazi. Ikawa inang'aa saa moja, halafu inarudi pale pale. Nilimsikia akimwambia mama kwamba watu watasema mwali huyu alilishwa majivu. Sauti yake ilikuwa na hofu. Wasichana wote waliopita mikononi mwake walitoka wakiwa wazuri wa kutajwa, na sasa damu yake mwenyewe ndiyo inamwaibisha.

Wote walikuwa wanatazama ngozi na nywele. Macho yangu hakuna aliyeyatazama, hata mimi.

Utaniuliza, mtu hajui kama haoni? Jamani, chumba kile kilikuwa na giza la kutosha watu wote. Mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani, koroboi ilikuwa inawashwa kwa dakika chache za kula na kuzimwa. Mama akiingia anapapasa. Bibi akiingia anapapasa. Mimi nikipapasa, nani atashangaa? Kulikuwa na ufa kwenye mlango ambao jioni ulikuwa unaingiza mstari wa mwanga, na mstari huo ukaacha kuja. Nilidhani wameuziba. Siku nyingine nilipiga mtungi teke nikamwaga maji yote, bibi akaniita mzembe. Macho yalikuwa makavu, kama yana mchanga usiotoka, na nilipomlalamikia alinitazama kidogo akasema wote waliowekwa ndani huanza visingizio wakichoka. Alikuwa amesikia kila kisingizio duniani. Mimi mwenyewe nilianza kuamini kwamba nasingizia.

Akaletwa shangazi. Shangazi yangu, binti wa bibi, alikuwa mpishi kwenye hospitali huko Kibaha, amepanga chumba Tangini, na kwa sababu hiyo tu kijiji kizima kilimhesabu kuwa nusu daktari. Bibi alimpelekea habari kwamba mwali ana ngozi ya kuku na nywele za makumbi, alete dawa ya mjini. Shangazi akamweleza muuguzi mmoja pale kazini. Muuguzi akauliza: huyo msichana, jioni anaona vizuri? Shangazi akacheka, akamwambia yumo ndani, jioni yake iko wapi. Wakacheka wote wawili. Hata hivyo muuguzi akampa vidonge vya mafuta ya samaki, vya mviringo, rangi ya asali, akasema ni vitamini, vizuri kwa ngozi na nywele na mambo mengine, kila siku ameze kimoja.

Shangazi alivileta vimefungwa kwenye karatasi. Nakumbuka mlango ulivyofunguliwa na harufu yake ya sabuni ya mjini ilivyoingia kabla yake. Akatoa salamu, akakaa, akaeleza kama alivyoelezwa. Bibi akakichukua kidonge kimoja akakinusa. Akakitoboa kwa mwiba, akanusa tena.

Samaki, akasema. Mwali wake hatatiwa uvundo wa samaki mdomoni. Tena ugonjwa uko wapi, tumboni? Si uko kwenye ngozi? Dawa huwekwa penye ugonjwa. Shangazi akasema polepole kwamba wamesema ameze. Bibi akamuuliza, yeye na hao wauguzi, nani amewahi kumtoa mwali. Shangazi alikuwa mtu mzima, ana mshahara wake, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto. Kesho yake akarudi kazini.

Basi nikapakwa. Kila siku bibi alitoboa kidonge, akanipaka mikononi, mapajani, na tone la mwisho kwenye nywele. Aliposogea yeye, mimi nilichovya kidole kwenye masalia nikampaka mwana wa mti kichwani, ili na yeye apate. Na kusema kweli ngozi ililainika. Sitamnyima haki yake. Vile vipele vilipungua ukali, nywele zikaacha kukatika hovyo, na bibi akawaita wanawake wa mstari wetu waje wanishike mkono. "Mguseni," akawa anasema, "mguseni muone." Nilisikia raha yake ilivyomjaa kifuani. Siku ya kutolewa ikatangazwa, wapiga ngoma wakaambiwa. Vidonge vichache vya mwisho akavifunga kwenye pindo la khanga yake, akasema hivyo ni vya siku yenyewe, niwake mbele ya watu.

Siku zilikuwa zimebaki chache. Jua lilikuwa limezama punde tu, nikatolewa kwenda chooni kama kawaida, nimefunikwa kaniki, bibi mbele na mama nyuma. Nilisikia watoto wanacheza mpira wa matambara kwenye uwanja wa shule. Nikajiuliza wanauonaje mpira usiku huu. Bibi alikuwa ametangulia kunifungulia pazia la choo, mama ameniachia mkono ajifunge vizuri, nami nikaendelea kutembea. Nikaingia kwenye kinu. Kilikuwa katikati ya ua, kikubwa, kinajulikana. Nilianguka nacho, mchi ukanipiga bega.

Bibi akaanza kunigombeza. Nilihisi mama amechutama mbele yangu, ameniondolea kaniki usoni, na upepo mdogo ukawa unapita puani mwangu, unakuja, unakwenda. Baadaye ndipo nilijua ulikuwa mkono wake.

"Mama," akamwambia mkwewe, "mwanangu haoni."

Bibi akasema giza hilo, nani anaona.

"Mimi naona. Wewe unaniona nilipochutama. Watoto wanaona mpira. Yeye hatuoni."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akizungumza hivyo na bibi, wala sikumsikia tena. Nikasikia bibi anaingia chumbani, anatoka. Akasimama mbali kidogo, nikajua kwa pumzi yake. Akaniambia, kwa sauti ndogo, "Mke mwenzangu, haya, mpokee mwanao."

Nilijua amemshika mwana wa mti ananipa. Nikanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, nikangoja. Hakuna kilichowekwa. Nikaisogeza kulia kidogo, nikaisogeza kushoto. Mama akaanza kulia. Ndipo nikaelewa kwamba mwanangu alikuwa mbele ya kila mtu isipokuwa mimi, nikakaa chini pale pale penye pumba.

Mama alikaa tayari kwa ugomvi usiku ule, ameshafunga kitambaa kichwani. Mwali hatolewi kabla ya siku yake. Mwali aliyeonwa njiani amekwisha kuonwa, hakuna tena cha kumchezea ngoma, na jina la aliyemfunda linakwenda naye. Lakini ugomvi haukuja. Asubuhi bibi alinivalisha gauni langu la zamani la shule, akanishika mkono, akafungua mlango, akanitoa mchana kweupe. Jua lilinipiga machoni kama pilipili. Mchana nilikuwa bado naona, ila kwa ukungu, na machozi yalikuwa hayatoki. Tulipita katikati ya mstari wa nyumba. Watu waliokuwa wanafagia waliacha kufagia. Mmoja akauliza, bibi, kwani leo ndiyo siku?

"Mjukuu wangu haoni," bibi akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa pili. "Nampeleka hospitali."

Hakupunguza mwendo. Baba alitukuta barabarani amebeba furushi. Ilikuwa mara ya kwanza kuniona tangu nilipoingia, na alinitazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia. Kisha akatutafutia lori.

Lori la korosho lilitufikisha Kisarawe, tukapata gari jingine la kuteremka Pugu, tukazunguka mpaka barabara ya Morogoro, tukafika Kibaha jua linaelekea kuzama. Shangazi alitupokea akatupeleka moja kwa moja kwa yule muuguzi. Alikuwa mama mfupi, mchangamfu, na alipoinua kope langu la kulia uchangamfu ukamtoka. Akaita daktari. Wakamulika, wakanong'ona. Halafu akageuka akauliza kuhusu vile vidonge, kwani alisema nimeze, nilimeza?

Shangazi akatazama sakafu. Bibi akafungua pindo la khanga yake. Vilikuwa vimeshikana kidogo kwa joto.

"Nilimpaka," akasema. "Nilitaka ang'ae."

Muuguzi hakumtukana. Nadhani bibi angependa atukanwe. Alichukua kimoja akanitia mdomoni, akanipa maji, nikameza, samaki akanipanda puani. Cha kwanza kilikuwa hicho, cha pindo la khanga, nilichowekewa kwa ajili ya ngoma. Baadaye walinipa vingine, na sindano, na matone, na sahani ya papai ambalo sikuwa nimelitia mdomoni tangu niingie ndani. Jicho la kulia lilikuwa na kidonda pale penye kioo chake. Kilipona, lakini kilipona vibaya. Likabaki jeupe, na ndilo hili.

La kushoto lilikuwa bado halijaumia, lilikuwa na njaa tu. Na ajabu ya vitamini hiyo, ukiimeza, haichelewi. Hazikupita siku nyingi, jioni moja nilikuwa nimelala wodini, nikaona umbo limesimama mlangoni, fupi, limejifunga khanga kiunoni. Nililitazama nikidhani naota. Likauliza, "Unaniona?"

"Nakuona, bibi."

Hakunikaribia. Alishika fremu ya mlango, akabaki pale mpaka taa zikawashwa. Kabla hatujaruhusiwa alimuuliza muuguzi swali moja, nami nilikuwa nasikia. Aliuliza kama ule unga wa njano ulikuwa na hiyo vitamini ya macho. Muuguzi akasema ulikuwa nayo kidogo, si kama muhogo mweupe ambao hauna kitu, na kwenye papai na kisamvu ilikuwa nyingi zaidi. Bibi akashukuru. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, na shangazi alipomfuata alimwashiria kwa mkono arudi. Kijiji kizima kilikuwa kinaona, yeye mwenyewe alikuwa anaona hata kutia uzi kwenye sindano. Mimi niliyetunzwa ndiye niliyekosa.

Ngoma ilichezwa, si kubwa. Wanawake wengine walitaka nifunikwe upande wa kulia, bibi akakataa, akasema waone. Na aliendelea kufunda wasichana wa watu, maana hakuna aliyemkataza na kazi hiyo ndiyo aliyoijua, ila kila msichana alikula kisamvu mbele yake na bakuli alilikagua. Mwana wa mti alikwenda kwa mwali mwingine. Nywele zake zilikuwa zinang'aa kupita kawaida, zina harufu ya samaki isiyotoka kwa maji wala liwa. Alipata vitamini nzuri, yule.

Nilikuja kuolewa huku Kibaha. Wachumba wawili walirudi nyuma kwa ajili ya jicho, wa tatu akasema yeye anataka mke, hataki darubini. Kila nilipokwenda kwetu kusalimia, ikifika jioni, kabla taa haijawashwa, bibi alisimama mlangoni akaniuliza: unaniona? Namjibu nakuona. Hakusema kingine juu ya jambo lile maisha yake yote. Hakuniomba radhi, na mimi sikuwa na haja nayo; angeiomba ningeshindwa kuishika. Aliuliza tu, na kila mara alingoja jibu kama vile hajui litakavyokuwa.

Miaka ile ya mwisho mwisho ya bibi, dukani hamna sabuni wala sukari, macho yake na yeye yakaanza kuondoka. Mtoto wa jicho, wakasema, uzee. Alikataa kupelekwa popote. Nilikwenda nikakaa naye, mwanangu wa kwanza mgongoni. Jioni moja alikuwa amekaa uani, kisu mkononi, amekata papai kwa kupapasa, ameondoa mbegu kwa kidole. Nilikuwa nimeketi kushoto kwake. Akageukia kulia.

"Mke mwenzangu," akasema. "Unaniona?"

"Nakuona, bibi."

"Haya, pokea."

Akanyoosha kipande cha papai kule kusikokuwa na mtu, akangoja. Mkono ulikuwa umenyooka, maji ya papai yanamchuruzika mpaka kiwikoni. Sikusema niko huku. Nilinyanyuka taratibu, mtoto asiamke, nikazunguka nyuma yake, nikaenda kukaa pale mkono wake ulipokuwa, nikapokea, nikala.